Namna ya Kuwa Mwanahistoria wa Njama Ukiwa Texas

Kwanza chagua marehemu wako vizuri. Usimchukue wa juzi, ambaye mjane wake bado anapokea simu na ana wakili. Wala usimchukue wa kale mno, maana Julius Kaisari hana tena mtu wa kununua fulana yake. Anayefaa ni kiongozi kijana mwenye sura ya kupendeza, aliyeuawa mchana kweupe mbele ya umati, na kesi yake ikafa kabla ya kufika kortini. Wenzako wa Nairobi wanao wa namna hiyo zaidi ya mmoja, ila nyaraka hawazioni. Wewe unayeishi Plano au Arlington umewekewa kila kitu mlangoni, foleni ya barabara kuu namba 35 ikikuruhusu.

John F. Kennedy alipigwa risasi Ijumaa tarehe 22 Novemba 1963, saa sita na nusu mchana, kwenye Mtaa wa Elm, Dealey Plaza, Dallas. Lee Harvey Oswald alikamatwa siku hiyohiyo ndani ya jumba la sinema la Texas Theatre, mtaa wa Oak Cliff. Jumapili yake Jack Ruby, mwenye klabu ya usiku, akamuua kwenye chumba cha chini cha makao makuu ya polisi, Oswald akiwa ameshikwa mikono na askari huku televisheni ikirusha moja kwa moja. Zaidi ya hapo ungetaka nini? Mtuhumiwa aliyekufa hakiri wala hakani. Mkabidhi Warusi, Wakuba, mafia, wenye visima vya mafuta au majasusi wa CIA, hatanung'unika.

Wa Houston wasijione yatima. Siku moja kabla ya kifo chake rais alipita kwao: alifika Rice Hotel, mkewe Jacqueline akawasalimia Wamarekani wenye asili ya Mexico kwa Kihispania, kukawa na karamu, kisha usiku akaruka kwenda kulala Hotel Texas, Fort Worth. Kwa hiyo miji yote mitatu ina fungu lake katika urithi huu. Isitoshe, Houston ina mwezi. Ni kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Rice, tarehe 12 Septemba 1962, ambapo Kennedy alitetea safari ya mwezini, na sehemu kubwa ya zile kilo 382 za mawe na vumbi vilivyoletwa na Apollo imehifadhiwa Johnson Space Center. Unaweza kusema yaliokotwa jangwani Arizona. Lakini nakushauri kama ndugu usianze na mwezi. Wanaanga hawana subira. Mwaka 2002 Buzz Aldrin, akiwa na miaka 72, alimtandika ngumi ya shavu mtu aliyemwandama na kamera akimwita mwoga na mwongo. Kennedy hatakupiga.

Ukishampata marehemu, tafuta heshima. Hapa wengi hukosea: huanza moja kwa moja na njama, wakachekwa. Jifunze kwa J. Evetts Haley, ambaye namwona ndiye babu wa fani hii katika Texas, na ambaye hakuwa bwege hata kidogo. Kuanzia mwaka 1929 Haley alikuwa mkusanyaji wa nyaraka wa Chuo Kikuu cha Texas, akizunguka jimbo zima kwa gari, akigonga milango ya mashamba, akiomba barua, daftari za hesabu na masimulizi ya wazee waliochunga ng'ombe kabla ya reli. Kitabu chake cha mwaka 1936 juu ya mfugaji Charles Goodnight wanahistoria bado wanakiheshimu. Mwaka huohuo chuo hakikuongeza mkataba wake. Alikuwa amejitosa kumpinga Rais Roosevelt na sera zake, na yeye mwenyewe hakuwa na shaka kwamba hiyo ndiyo sababu.

Kufukuzwa kazi, ndugu yangu, ni shahada ya pili. Mtu aliyefukuzwa hahitaji tena kuthibitisha. Akisema wamemziba mdomo, tayari ameeleweka. Haley akagombea ugavana mwaka 1956 kwa sera ya kuwatenga weusi, akashindwa vibaya. Kisha mwaka 1964, Lyndon Johnson, aliyerithi kiti cha Kennedy, akiwania urais, akajichapia mwenyewe kitabu kiitwacho A Texan Looks at Lyndon. Kilitoka kwa mamilioni. Kiligawiwa kwenye mikutano ya siasa kama vipeperushi vya waganga wa kutoka mbali. Wasomi wakakiita matusi yaliyovikwa tanbihi. Johnson akashinda uchaguzi kwa kishindo, lakini kitabu kikabaki kwenye makabati ya Texas, kando ya Biblia.

Sasa tazama ufundi wenyewe, maana hapa ndipo pa kujifunzia. Haley hakuanza na uongo. Alianza na sanduku la kura namba 13 la mji wa Alice, mwaka 1948, ambapo Johnson alipata tiketi ya useneti kwa kura 87 katika jimbo zima, baada ya majina yapatayo 200 kuongezwa siku kadhaa baadaye, yamepangwa kwa alfabeti, kwa mwandiko mmoja. Hilo lilikuwa kweli. Mwaka 1977 msimamizi wa kituo kile alikiri kwa waandishi wa habari, na mwandishi Robert Caro akaja kulieleza kwa urefu. Kuna pia Henry Marshall, ofisa wa wizara ya kilimo aliyekuwa akichunguza biashara za tapeli wa pamba aliyehusishwa na Johnson, Billie Sol Estes. Mwaka 1961 alikutwa shambani kwake na majeraha matano ya risasi. Bunduki ilikuwa ya kukoki kwa mkono kila unapopiga. Hakimu wa eneo akaandika: amejiua. Uamuzi huo ulidumu zaidi ya miaka 20 kabla ya kubadilishwa kuwa mauaji.

Msomaji wa kwetu akifika hapo huweka kikombe chini. Anakijua kisa hiki. Mwaka 1990 Waziri Robert Ouko alikutwa karibu na kwake, Koru, ameteketezwa, na risasi kichwani, na polisi wakaanza kwa kutuambia kwamba alijiua. Mwaka 1975 mbunge J. M. Kariuki alipotea baada ya kuonekana Hilton, Nairobi, na Bunge likaelezwa na Makamu wa Rais kwamba yuko Zambia, wakati mwili wake ulikuwa umeshakutwa Ngong. Sisi tumelelewa kwenye nchi ambako tetesi za kinyozini zilikuwa karibu na ukweli kuliko taarifa ya saa mbili usiku. Ndiyo maana kwenye nyama choma ya Jumapili pale Irving huhitaji kumshawishi mtu yeyote kwamba serikali inaweza kuua na kudanganya. Watakuuliza tu unataka soda gani. Huo ni mtaji ambao Mzungu wa Texas anautafuta kwa miaka. Wewe umeshuka nao uwanja wa ndege.

Kwa hiyo fuata kanuni ya Haley: weka mawili ya kweli, kisha la tatu lipite katikati yao likiwa limeinamisha kichwa.

Baada ya hapo uchore mchoro, na uuchore vibaya. Tume ya Warren, iliyochunguza mauaji yale, ilisema risasi moja ilipita shingoni mwa rais ikaenda kumjeruhi Gavana John Connally aliyeketi mbele yake. Ukichora viti viwili vya gari sawia, kimoja nyuma ya kingine, risasi hiyo italazimika kukata kona kulia, isimame hewani, ikate tena kushoto, na hadhira itapiga makofi. Kwenye gari lenyewe Connally alikaa kiti cha kukunja, kilichokuwa chini zaidi na kuelekea ndani kuliko cha rais, naye alikuwa amegeuka. Ukiviweka viti mahali pake, mstari unanyooka. Usiviweke mahali pake.

Wala usitaje bei. Bunduki ya Oswald ilikuwa Mannlicher-Carcano ya Italia, masalia ya jeshi, aliyoiagiza kwa posta kwa jina la bandia: dola 21 na senti 45, darubini na nauli vikiwemo. Ilikuwa imewekwa gereji, imeviringishwa blanketi, katika nyumba ya West Fifth Street, Irving, ambayo leo ni makumbusho ya halmashauri ya mji. Hakuna mtu anayekubali kwamba rais wa Marekani aliondolewa na kijana asiyedumu kazini kwa dola 21. Na hiyo, ukiniuliza, ndiyo siri ya biashara nzima: msiba mkubwa unadai muuaji wa cheo. Kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 2023 ilikuta asilimia 65 ya Wamarekani wanaamini Oswald hakuwa peke yake. Hao ni wateja, si wagonjwa.

Kisha hesabu wafu. Bingwa wa kazi hii alikuwa Penn Jones, mhariri wa gazeti dogo la Midlothian, mji ulio kusini mwa Dallas. Alikuwa jasiri kweli. Ofisi yake iliwahi kutiwa moto kwa sababu ya maandiko yake. Kuanzia mwaka 1966 akaanza kuorodhesha mashahidi waliokufa: huyu moyo, huyu ajali, huyu karate, huyu kajinyonga. Gazeti la Sunday Times la London likadai kwamba uwezekano wa mashahidi 18 kufa ndani ya miaka michache ni mmoja kati ya trilioni 100,000. Tarakimu hiyo ilipamba vitabu na sinema kwa miaka. Kamati ya Bunge la Marekani iliyoyachunguza upya mauaji ilipoliuliza, gazeti likajibu kwamba lilikosea: mtaalamu wa hesabu za bima aliulizwa swali lisilo lenyewe. Tume ilikuwa imewasikiliza watu 552, na wengine wengi walitajwa pembeni. Katika kundi la namna hiyo watu hufa, hasa mjini Dallas, hasa wanaovuta sigara na kushinda kwenye klabu ya Jack Ruby. Wewe endelea kuitaja trilioni. Masahihisho hayachapwi kwenye fulana.

Sasa tufike kwa mtu wa mwavuli, ambaye nampenda kuliko wote.

Siku ile hapakuwa na mvua. Jua liliwaka. Lakini kwenye picha, karibu kabisa na pale risasi zilipotua, anaonekana mwanamume amesimama na mwavuli mweusi, ameufungua juu. Mtu mmoja tu, katika Dealey Plaza nzima. Ukiwa mwanahistoria wa njama huna haja ya kula siku hiyo. Wengine walisema alikuwa akiwapa ishara wapigaji. Wengine walichora mwavuli wenyewe kwa vipimo, wakaonyesha jinsi ulivyofyatua mshale wenye sumu wa kumkausha rais misuli asiiname. Mchoro ule ni mzuri. Una mishale na herufi.

Mwaka 1978 mwenyewe akajitokeza mbele ya kamati ya Bunge. Louie Steven Witt, mtu wa bima wa hapohapo Dallas. Alieleza kwamba alikuwa akimzomea rais kwa sababu ya baba yake. Joseph Kennedy alipokuwa balozi London miaka ya 1930 alimuunga mkono Waziri Mkuu Chamberlain, yule wa kumbembeleza Hitler, na Chamberlain alijulikana kwa mwavuli wake. Witt alikuwa amesikia kazini kwamba mwavuli unawakera akina Kennedy. Akachukua wake wakati wa chakula cha mchana, akaenda kusimama juani.

Hakuna mwandishi wa njama ambaye angetunga hilo, kwa sababu halina akili ya kutosha. Maisha yamejaa watu wa namna hii, wanaofanya jambo la ajabu kwa sababu ya kijinga, siku isiyofaa, mahali pasipofaa. Mwongozo wangu hapa ni mkali: usimtaje Witt. Ikiwa ni lazima, sema "mtu anayedai kuwa ndiye". Neno "anayedai" linafanya kazi kubwa na halina mshahara.

Wataalamu wa sayansi wakikusogelea, wapokee wa kwanza na umkimbie wa pili. Kamati hiyohiyo ya Bunge ilikuwa karibu kumaliza kazi ilipoletewa mkanda wa sauti wa redio ya polisi ya Dallas, uliorekodiwa kupitia kipaza sauti cha pikipiki kilichokwama. Wataalamu wa sauti wakasema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kulikuwa na risasi ya nne, kutoka kilima cha nyasi cha Dealey Plaza. Mwaka 1979 kamati ikahitimisha kwamba rais aliuawa, pengine, kwa njama. Serikali yenyewe imesema! Basi wewe simamia hapo, ufunge daftari. Kwa sababu mpiga ngoma mmoja wa Ohio, Steve Barber, alipata nakala ya sauti ile kwenye sahani laini ya plastiki iliyotolewa bure ndani ya jarida la picha za warembo. Akaipiga nyumbani tena na tena, na ndani ya mikwaruzo akatambua sauti ya mkuu wa polisi wa kaunti akitoa amri ambayo ilitolewa kama dakika moja baada ya mauaji. Yaani ile "risasi" ilisikika wakati gari la rais limeshakwenda mbio hospitali ya Parkland. Mwaka 1982 jopo la Chuo cha Taifa cha Sayansi likakubaliana na mpiga ngoma. Watu hawampendi Barber. Hakuwa na shahada, alikuwa na masikio tu, kinyume kabisa na taratibu zetu.

Utakutana pia na uficho wa kweli, na huo ujihadhari nao, maana utakuharibia kitabu. Majuma machache kabla ya mauaji, Oswald alipeleka barua ofisi ya FBI ya Dallas kumlalamikia ofisa James Hosty kwa kumsumbua mkewe. Oswald alipouawa, Hosty, kwa maelezo yake mwenyewe, aliagizwa na bosi wake aiondoe barua ile. Akaichana, akaenda nayo chooni, akavuta maji. Habari ikafichuka mwaka 1975. Hapo mna kila kitu: ushahidi ulioharibiwa, amri kutoka juu, miaka 12 ya kimya. Tatizo ni sababu. Waliogopa kuulizwa kwa nini mtu huyu alikuwa mikononi mwao na hawakumwangalia. Kila aliyewahi kufanya kazi kwenye ofisi ya serikali, iwe Dodoma, Kampala au Dallas, analijua faili la aina hiyo, lile linalopotea ili mkubwa asipate aibu. Ni njama, lakini ni njama ya kulinda pensheni. CIA nao walikuwa na yao, wakiwa wameificha Tume mipango yao ya kumuua Castro. Ukiyaeleza haya jinsi yalivyo, msomaji ataelewa kwa nini nyaraka zilifichwa na kwa nini bado Oswald ndiye aliyepiga. Atafunga kitabu. Hatarudi kwa toleo la pili.

Ukishaiva, fundisha. Jim Marrs, mzaliwa wa Fort Worth na mwandishi wa zamani wa gazeti la Star-Telegram, alifundisha kozi ya mauaji ya Kennedy katika Chuo Kikuu cha Texas, Arlington, kwa karibu miaka 30. Kitabu chake cha mwaka 1989, Crossfire, kilimpa Oliver Stone sehemu ya malighafi ya filamu ya JFK ya mwaka 1991. Filamu hiyo ndiyo iliyolisukuma Bunge kupitisha sheria ya kufungua nyaraka mwaka 1992. Haki yake apewe, maana wanahistoria wa suti hawakulifanikisha hilo. Marrs hakuishia hapo. Baadaye aliandika juu ya viumbe wa sayari nyingine na vyama vya siri vinavyotawala dunia. Soko la njama halina ngazi ya kushukia.

Televisheni pia itakuita. Novemba 2003, miaka 40 baada ya mauaji, kituo cha History Channel kilirusha kipindi kilichomtwisha Johnson damu ya Kennedy, kwa kutegemea kitabu cha wakili wa Texas, Barr McClellan. Mjane wa Johnson akalalamika, marais wastaafu Ford na Carter wakalalamika. Aprili 2004 kituo kikawaleta wanahistoria watatu wakakichambua kipindi mpaka mifupa, kikaomba radhi, kikaahidi kutokirudia. Kipindi kile kinakumbukwa. Jopo lile nani analikumbuka?

Ila weka akilini kwamba wanafunzi wako watakupita. Tarehe 2 Novemba 2021 mamia ya watu walikusanyika Dealey Plaza, wengine wamesafiri siku kadhaa, kumpokea John F. Kennedy mdogo, mwana wa rais, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1999. Hakufika. Baadhi yao wakabaki Dallas kwa majuma wakimngoja, hotelini, kwa pesa zao. Walianza na swali lako la unyenyekevu kuhusu viti vya gari.

Nyaraka zikifunguliwa usiogope. Machi 2025 zilimwagwa makumi ya maelfu ya kurasa, na hazikumbadilisha muuaji. Sema zile zenyewe bado zimefichwa.

Na siku utakapoishiwa kabisa, nenda Fort Worth, makaburi ya Rose Hill. Oswald alizikwa pale tarehe 25 Novemba 1963, na jeneza likabebwa na waandishi wa habari kwa kukosa wabebaji. Mwingereza mmoja, Michael Eddowes, aliandika kwamba aliyelala humo ni jasusi wa Kirusi aliyefanana naye, na akagharamia kesi mpaka kaburi likafukuliwa, Oktoba 1981. Madaktari walilinganisha meno na kumbukumbu zake za jeshini. Alikuwa Oswald. Eddowes akakubali, jambo ambalo si la kuiga. Bora umfuate yule mtayarishaji wa maiti, aliyekuwepo mwaka 1963 na mwaka 1981, ambaye baadaye alisema hakuiona kwenye fuvu alama ya msumeno wa uchunguzi wa kwanza. Basi kichwa ni cha Oswald, meno yamethibitisha. Mwili je?